Paja la Kuku Upande wa Kushoto

Kama unasoma haya kwa sababu nyumbani kwenu kuna mtu aliyebadilika na hamjui amepatwa na nini, au wewe mwenyewe ndiye unayeambiwa umebadilika na hukubali, basi nimekuandikia wewe. Mimi si daktari. Ni fundi cherehani wa Kwamndolwa, hapa Korogwe. Jina langu Zaina, ila wengi wananiita Mama Rukia. Nina mdomo, hilo nalisema mapema ili usije ukashangaa mbele. Ugonjwa umenichukulia vingi lakini mdomo umeniachia.

Ulianza na gauni. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, vumbi tupu, vuli hatujaiona. Mteja wangu mmoja, mwalimu, alikuja kuchukua gauni lake la kitenge. Akaingia nyuma ya pazia kulijaribu, akatoka amelivaa.

"Fundi," akasema, "hii ni staili mpya?"

Mkono wa kulia ulikuwa umekaa sawasawa, na pindo lake zuri. Mkono wa kushoto haukuwepo. Si kwamba niliushona vibaya, haukuwepo kabisa. Kitambaa chake nilikuwa nimeshakikata na kilikuwa pale pale mezani, kushoto kwa cherehani.

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mwalimu, huo mkono umeung'oa mwenyewe?" Jamani! Mtu amekuja na adabu zake, na mimi namtuhumu kung'oa mkono wa gauni. Alilivua akaondoka, na mpaka leo nikimwona barabarani nabadilisha njia.

Baada ya hapo kila siku likawa na lake. Natoka nje nimevaa kandambili mguu mmoja. Napaka wanja jicho la kulia, la kushoto nimelisahau. Bega la kushoto likawa na alama za kugonga mlango, nami nikawa namgombeza mume wangu, Shabani, kwamba fundi wake wa milango alipunja kipimo. Shabani ananiangalia tu. Tulikuwa na mlango ule tangu Rukia, binti yetu, hajazaliwa.

Nataka unielewe hapa, maana ndipo paliponichanganya kuliko pote. Sikuwa naona giza upande wa kushoto. Sikuona pengo, sikuona ukungu. Kwangu mimi dunia ilikuwa nzima. Sasa utatafutaje kitu ambacho hujui kama kimepotea? Watu wakinionyesha nilichokiacha, naona wananitega. Nikawa mkali kuliko kawaida yangu, na kawaida yangu yenyewe si ndogo.

Sasa ngoja nikupeleke Handeni, kwa mama mkwe wangu.

Rukia alikuwa amechumbiwa, na kikao cha ndoa kiliitishwa kwa bibi yake mzaa baba. Katika ukoo wa mume wangu, binti hatoki kwao kuolewa mpaka bibi yake huyo amshike kichwa na kumwombea dua. Harusi inaweza kukosa ngoma, inaweza kukosa pilau, lakini bila mkono wa bibi hakuna binti wa ukoo ule aliyewahi kutoka. Rukia alikuwa akiisubiri siku hiyo tangu anajifunza kutembea.

Tulifika Handeni jua kali. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, karibu kabisa na mlango, upande wa kushoto wa anayeingia. Mimi nikaingia, nikawasalimia wajomba, nikampigia magoti shangazi wa mume wangu, nikawapa mikono watu wote wa upande wa kulia, kisha nikakaa. Mwenye nyumba, mama aliyenizalia mume, nilimpita kama mtu anavyopita ndoo.

"Zaina," nikasikia naitwa.

Sauti niliijua ni ya mama. Lakini nilipogeuka kumtafuta niligeukia kulia, nikamkuta shangazi, nikamwitikia yeye: "Abee." Vijana wakacheka wakidhani ni utani. Kisha hakuna aliyecheka tena.

Mama ni mtu wa kumeza maneno, si kama mimi. Chakula kilipoiva alipakua mwenyewe, na sahani yangu aliniletea kwa mkono wake: wali, mchuzi, na paja zima la kuku. Kwake paja halipewi kila mtu. Nikala wali. Nikamaliza, nikaisogeza sahani, na mdomo wangu huu ukasema kwa sauti ya kumfikia kila aliyekuwemo, "Alhamdulillah, nimeshiba, ingawa leo kuku ameiruka sahani yangu."

Paja lilikuwa kwenye sahani. Upande wa kushoto, halijaguswa, limezungukwa na wali ambao nao sikuugusa.

Mama mkwe akasimama. "Nimekupa paja kwa mkono wangu mwenyewe, Zaina. Umeliacha, na unasema hukupewa. Umeona nimelitilia nini?"

Kama wewe ni wa huku huhitaji kuelezwa. Kukiacha chakula cha mama mkwe namna ile, mbele ya ukoo, ni kumwita mchawi bila kulitaja neno. Nilimwambia hakuna paja. Wakanionyesha, wakanisogezea sahani mbele ya macho, na paja likawepo. Nikasema mmeliweka sasa hivi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa.

"Tangu umeolewa na mwanangu nimekuita mwanangu," mama akasema. "Leo umeniita mchawi nyumbani kwangu. Sitakanyaga Korogwe, na kichwa cha Rukia sitakishika, mpaka uje uniombe radhi mbele ya hawa hawa waliokusikia."

"Nitaombaje radhi kwa paja ambalo halikuwepo?" nikajibu.

Njia nzima ya kurudi Shabani hakunisemesha. Rukia alilia mpaka mtandio ukalowa. Kisha akasema maneno ambayo niliyabeba miezi yote iliyofuata: "Mama, bila bibi mimi siolewi." Ndoa ikabaki inaning'inia, na kamba yake nimeishika mimi nisiyejua hata nimefanya nini.

Ni Rukia aliyenilazimisha kwenda hospitali. Nilipimwa presha, ikakutwa juu, maana vidonge nilikuwa nimeviacha muda mrefu kwa kujiona nimepona. Wakanipiga picha ya kichwa. Tulingoja majibu kwenye benchi la mbao, mimi nikimkemea Rukia kwa nini kaka yangu hajaja kuniona, naye kaka yangu kakaa kushoto kwangu muda wote. Majibu yakatoka: hakuna damu iliyovuja, kichwa kiko salama.

Ungedhani nitafurahi. Nilifurahi na nikaumia kwa pamoja. Nilikuwa nimeanza kutamani niwe na ugonjwa, wowote, wenye jina, ili niwe na la kusema Handeni. Shabani akampigia mama yake simu, naye akajibu neno moja ambalo nililisikia nikiwa nimekaa: "Kumbe mzima."

Mvua za vuli zilipoanza nikapata pigo lililoonekana. Nilikuwa nakata sare, kitambaa kikanidondoka. Nikataka kukiokota, mkono wa kushoto haukuja. Mdomo ukaenda upande. Rukia akapiga kelele, majirani wakajaa. Tulipofika hospitali mdomo ulikuwa umeanza kurudi, na mkono unakunja vidole. Nikawaambia turudi nyumbani, mambo yameisha.

Safari hii tulimkuta daktari binti mdogo, mpole. Hakuniuliza mengi. Alinipa karatasi na kalamu, akasema, "Mama, nichoree saa ya ukutani, uweke na namba zake zote." Nikachora. Mimi ni fundi, mkono wangu hautetemeki. Nikamrudishia: "Saa yako hiyo, tena nzuri."

Alimwonyesha Shabani. Shabani akajifunika uso kwa mikono miwili. Namba zote kumi na mbili nilikuwa nimezirundika upande wa kulia, zimebanana hadi nyingine zimetoka nje ya duara. Upande wa kushoto ulikuwa mweupe.

"Kuna picha nyingine," daktari akasema, "inayoonyesha damu inavyotembea ndani ya ubongo, inafika wapi na wapi haifiki. Hapa hatuna. Nawaandikia rufaa." Wewe unayesoma, kama umeambiwa picha haina kitu na mwili wako unasema kipo, uliza kama kuna picha nyingine. Mimi sikujua kama picha zinatofautiana. Nilidhani kichwa kikishapigwa kimepigwa.

Hospitali ya Dar es Salaam ilikuwa kubwa hadi nikaogopa kupotea nikiwa nimekaa. Kwenye chumba cha kusubiria nilimkuta binti mwenye kifafa, ameletwa watafute kinapoanzia. Kulikuwa na mzee mmoja mtanashati aliyenisalimia mara tano, kila mara upya, na mkewe akiniomba samahani kwa macho. Wote tulikuwa foleni ya picha za ubongo, kila mmoja na mashaka yake. Jina langu liliitwa mara mbili kutoka mlango wa kushoto, nami natazama ukuta wa kulia nikisubiri. Rukia alikwenda msalani, akarudi akakuta tumerukwa.

Kwenye chumba cha mashine nililazwa chali, kichwa kikafungwa kwa mkanda nisitikisike. Nesi mmoja wa makamo alinichoma sindano ya mkononi, ya kupitishia dawa. Akainama sikioni kwangu.

"Mama, dawa ikiingia utasikia joto linashuka mpaka chini. Utadhani umejikojolea. Hujajikojolea. Tulia tu."

Nikamwambia nimeelewa. Dawa ikaingia, joto likapanda kooni, likashuka kifuani, likafika huko alikosema, nami nikapiga ukelele, "Nesi, nimejikojolea!" Sauti kwenye spika ikaniambia nitulie. Mashine inavuma, inazunguka, mimi nalia kwa aibu bila kutikisa kichwa. Ilipokwisha yule nesi alikuja, akaishika khanga yangu, akaniwekea mkononi. "Shika mwenyewe. Kavu." Alitabasamu. Katika siku zote zile hakuna aliyewahi kunionyesha ukweli kwa upole namna ile.

Majibu tulipewa na daktari mtu mzima, mwenye mvi. Alituchapishia picha kwenye karatasi, ya rangi, akaiweka mezani mbele yangu.

"Mama Rukia, niambie unaona nini."

Nikaitazama vizuri, maana nilikuwa nimesafiri kwa ajili yake. "Naona rangi nzuri tupu. Nyekundu, njano, kijani. Shida iko wapi sasa?" Nikasema moyoni, basi tena, hata huku mimi ni mzima.

Daktari aliishika karatasi, akaigeuza juu chini.

Loo! Doa la bluu, kubwa kama kiganja cha mtoto.

"Hili umelichora sasa hivi?" nikauliza.

"Lilikuwepo, mama. Lilikuwa kushoto kwa karatasi, hukuliona. Ndio ugonjwa wenyewe." Akaendelea, "Hiyo bluu ni upande wa kulia wa kichwa chako."

"Si umesema kushoto?"

"Kwenye picha iko kushoto, kichwani ni kulia, na yenyewe ndiyo inayoshughulika na upande wako wa kushoto."

"Daktari, ishia hapo hapo," nikamwambia, "unanimaliza."

Alicheka kidogo, akaanza upya taratibu. Mshipa wa damu wa shingoni, upande wa kulia, umebana. Damu inakwenda juu kwa kuchelewa na kwa uchache. Ile sehemu ya bluu ina njaa ya damu tu, na picha ya kwanza haikuikamata kwa sababu hakukuwa na kilichopasuka wala kilichokufa.

"Haijafa?" nikauliza.

"Haijafa bado."

Neno "bado" lilinikaa kifuani. Lakini nilichokisema si habari ya ubongo. Nilimgeukia mwanangu. "Rukia. Lile paja la bibi yako. Lilikuwepo?"

"Lilikuwepo, mama."

Nililia pale mezani mbele ya yule mtu mzima. Nilimlilia mama mkwe wangu, ambaye alinipakulia kwa mkono wake nikamwita muongo, na zaidi ya muongo.

Nilifanyiwa upasuaji wa shingo kusafisha ule mshipa. Kovu ninalo, linaanzia chini ya sikio, na kwa wiki kadhaa sauti yangu ilikuwa ya mwanamume mvuta sigara. Usidhani niliamka nikaona kila kitu. Niliamka nikala nusu ya ugali. Masika yote, matope hadi mlangoni, nilikuwa nakwenda mazoezi. Mtaalamu wa mazoezi alinivalisha bangili nyekundu mkono wa kushoto, akanipa sheria moja: kabla ya kufanya lolote, geuza kichwa mpaka uione bangili, ndipo uanze. Kushona, anzia bangili. Kusoma, anzia bangili. Kula, anzia bangili. Nilikuwa nachoka hadi nahema, kana kwamba kugeuza shingo ni kubeba gunia la mahindi.

Siku moja, nikiwa nafanya mazoezi hayo uani, Shabani akaja akasimama upande wangu wa kulia. "Niliamini unamdharau mama yangu," akasema. "Nilikaa na wewe nyumba moja na nikaamini hivyo." Nilikuwa na jibu kali, lilishafika mdomoni. Nikalimeza. Mara moja moja na mimi nameza.

Alikwenda Handeni na ile karatasi ya rangi. Akarudi nayo. Mama yake aliitazama na kusema, "Mimi picha ya kichwa cha mtu naielewea wapi? Mwite mwenyewe aje."

Nikaenda. Walikuwepo wale wale, shangazi na wajomba, wameitwa makusudi. Mlangoni nikasimama. Nikageuza kichwa, nikaitafuta bangili, nikaiona, nikaendelea kugeuka mpaka kidevu kikagusa bega. Alikuwa pale pale, kwenye mkeka wake. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kavu.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi. Lile paja sikuliona. Nilikuwa naona nusu ya sahani."

"Mtu anaona nusu ya sahani," akarudia, akiwatazama wenzake. "Makubwa haya. Kwanza kula, umetoka mbali."

Akaniletea sahani. Na mimi nilikuwa nimechoka na safari, moyo umejaa hayo maneno yake, nikawa natafuta namna nyingine ya kumweleza. Bangili nikaisahau. Nikala wali, nikanawa kidole kimoja kimoja, nikasema, "Ahsante, mama, nimeshiba."

Chumba kikanyamaza. Ukimya ule ule, nilikuwa naujua. Nikajua nimerudia, na sikujua nimerudia nini.

Mama mkwe akainuka, magoti yanamlia, akaja akakaa mbele yangu. Aliishika sahani ukingoni kwa vidole viwili, akaizungusha. Paja la kuku likaja, limetulia juu ya wali wake.

"Hukuliona, Zaina?"

"Wallahi sikuliona, mama."

Akaizungusha tena, akairudisha ilivyokuwa. "Na sasa?"

Nilitazama. Sahani tupu, mabaki ya mchuzi. "Silioni."

Akaizungusha. "Na sasa?"

"Naliona."

Alirudia mara ya tatu, taratibu, akinitazama macho yangu na si sahani. Aliyatazama yanavyokwenda na yanapoishia. Kisha mkono wake ukabaki pale pale ukingoni, na machozi yakamtoka, mama huyu ambaye sijawahi kumwona akilia hata msibani.

"Mwanangu," akasema. "Kula."

Nikalila paja lile lote, mpaka mfupa, mbele ya ukoo mzima.

Rukia aliolewa mvua zilipokatika. Bibi yake alikuja Korogwe na kitenge kipya nilichomshonea mimi, mikono yote miwili, akamshika kichwa na kumwombea muda mrefu hadi wakwe wakaanza kutazamana. Wakati wa kula aliacha kiti chake cha heshima akaja kukaa kushoto kwangu. Katikati ya chakula akaigeuza sahani yangu, na alipoona wageni wanashangaa akawaambia, "Huyu mkwe wangu anakula kwa awamu mbili."

Siku hizi nimepata nafuu kubwa. Nameza vidonge vyangu kila siku, nashona, na milango siigongi. Sahani naiona yote, kushoto na kulia, hata bila bangili. Lakini nikienda Handeni nakula upande mmoja, naweka mkono chini, nasubiri. Mama anakuja, anaizungusha.